Gramu 240 za mkaa zimetoa joto kiasi gani?

Mama lishe wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, amebandika lita 5 za maji kwenye jiko la bati. Tuseme mkaa umepimwa kwa mzani kabla ya kuwashwa na tena maji yalipochemka, ukaonekana umepungua gramu 240. Tuuhesabu kama kaboni tupu, ingawa mkaa wa kweli una majivu na unyevu ndani yake.

Kwanza uzito unageuzwa kuwa moli. Moli moja ya kaboni ina gramu 12, kwa hiyo zimeungua moli 20. Kila moli ikiungua kabisa na kuwa kaboni dayoksaidi hutoa kilojuli 393.5. Jumla: kilojuli 7,870.

Sasa tugeukie sufuria. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kama yalianza na nyuzi 24, yamepanda nyuzi 72. Kilo 5 mara 4.18 mara 72 ni kilojuli 1,505, yaani asilimia 19 tu ya joto lote.

Wengi huishia hapo na kulilaumu jiko. Kwangu hukumu hiyo ni ya haraka mno, maana imechukulia kwamba kaboni yote iliungua kabisa. Majivu yakiziba matundu, oksijeni hupungua na sehemu ya kaboni huishia kuwa kaboni monoksaidi, ambayo hutoa kilojuli 110.5 tu kwa moli. Kilojuli 283 zilizobaki huondoka na hewa hiyo bila kutumika.

Tuseme moli 4 kati ya 20 zimeishia hivyo. Moli 16 zinatoa kilojuli 6,296, nne zinatoa 442, jumla 6,738. Zimekosekana kilojuli 1,132, yaani robo tatu ya joto lililochemsha sufuria nzima! Nalo jiko, tukilipima kwa joto lililotoka kweli, limefikisha asilimia 22 kwenye maji.

Kwa hiyo kasoro ni mbili, na kila moja ina dawa yake. Joto linalopotelea kwenye bati na kwenye upepo wa ziwa hupunguzwa kwa jiko lenye kigae cha udongo na kwa kukinga upepo. Kigae hicho hakirudishi hata kilojuli moja kati ya zile 1,132. Hizo zinataka majivu yakung'utwe na mlango wa hewa uachwe wazi.

Uzito uleule unatuambia jambo zito kuliko gharama ya mkaa. Moli 4 za kaboni monoksaidi ni zaidi ya lita 100 za hewa isiyo na rangi wala harufu. Zikikusanyika katika chumba cha mita tatu kwa tatu kilichofungwa madirisha wakati wa mvua, zinatosha kuua waliolala humo.