Kuichagua rangi kwa volti: kichujio cha DIWATA-1 na mikoko ya Tanga

Vaa miwani ya jua ya polaraidi, shika kalkuleta, kisha izungushe taratibu. Ikifika pembe fulani, tarakimu zote zinazama kwenye weusi. Mwanga unaotoka kwenye kioo kile unatikisika upande mmoja tu, na kinachouongoza ni fuwele za kimiminika.

Fuwele za aina hiyo zilikuwa ndani ya kamera ya DIWATA-1, setilaiti ya Ufilipino ya kilo 50 hivi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 27 Aprili 2016. Wahandisi wa Kifilipino waliijenga Japani, pamoja na vyuo vikuu vya Tohoku na Hokkaido. Nchi yao ina mikoko, mwani na matumbawe kama pwani yetu ya Tanga, kutoka Moa hadi Pangani, ndiyo maana kazi yao inatuhusu.

Ndani ya kamera hiyo, fuwele hizo ni sehemu ya kichujio cha rangi, ambacho msingi wake uliwekwa na Mfaransa Bernard Lyot miaka ya 1930. Alipitisha mwanga kwenye polaraiza, kisha kwenye kipande cha kwatzi. Kwatzi huugawa mwanga mara mbili, na sehemu moja huchelewa. Kwa kuwa athari ya kuchelewa huko hutofautiana rangi kwa rangi, polaraiza ya pili hupitisha baadhi ya rangi na kuzima nyingine. Kipande kimoja huacha mistari mingi ya rangi. Lyot akaongeza cha pili chenye unene maradufu, cha tatu maradufu ya hicho, na kuendelea. Kile kinene huchonga mstari mwembamba. Vyembamba hufuta mistari isiyotakiwa.

Kichujio cha namna hiyo hukaa kwenye rangi kilichotengenezewa. Ukiweka utando wa fuwele za kimiminika katika kila hatua, volti chache huziinamisha molekuli, kiasi cha kuchelewa hubadilika, na mstari husogea. Hakuna mota wala gurudumu la vioo.

Gharama yake ni kubwa. Polaraiza ya kwanza peke yake hula nusu ya mwanga. Halafu rangi hupigwa moja moja: katika sehemu ya ishirini ya sekunde, setilaiti imeshasogea zaidi ya mita 300, na kompyuta lazima izipandanishe picha upya. Mikoko husimama tuli, kwa hiyo inavumilia. Mwani ulio chini ya mawimbi ya kusi nisingeuhesabu kwa kifaa hiki.

Joto nalo huvuruga, kwa sababu fuwele zikipata moto mstari huhama. Atakayerusha kichujio hiki kwa droni juu ya mikoko ya Mtimbwani mchana wa Januari apime kwanza volti zake kwa kila nyuzijoto.

Faida ipo karibu na nanomita 700, ambapo jani bichi huacha kumeza wekundu na kuanza kurudisha mwanga usioonekana kwa macho, badiliko linalopanda kama ngazi. Mti ukidhoofika, ngazi hiyo huhama, na kichujio hiki huweza kuipanda hatua kwa hatua. Nashauri picha zipigwe maji yakiwa yamekupwa, kwani maji yaliyotanda kwenye mizizi humeza mwanga huo, na mkoko wenye afya ukaonekana mgonjwa.