Mgeni Njoo, Nani Apone? Kusoma upya kitabu cha Henrietta Lacks

The Immortal Life of Henrietta Lacks nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, nikakisoma kama kisa cha madaktari waliokosea. Mara ya pili ni mwaka huu, baada ya miaka kadhaa ya kazi ya uandishi wa habari, kazi ambayo imenikalisha pembeni ya vitanda vingi vya wagonjwa na kinasa sauti mkononi. Safari hii kitabu kimenichoma mahali pengine kabisa.

Kwa ambao hawajakutana nacho, kisa ni hiki. Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama Mweusi wa watoto watano, aliyekulia kwenye mashamba ya tumbaku huko Virginia, Marekani, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Alikuwa na uvimbe kwenye shingo ya kizazi. Kabla ya kuanza tiba, daktari alikata kipande cha uvimbe ule kikapelekwa maabara ya George Gey, mtafiti aliyekuwa amehangaika miaka mingi kuotesha seli za binadamu nje ya mwili. Hakuna aliyemwomba Henrietta ruhusa. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zinakufa, za kwake zikagoma kufa. Mwenyewe alifariki Oktoba 4 mwaka huo huo, akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa, zilisaidia kupima chanjo ya polio, zikarushwa hadi angani, na kampuni zikaziuza. Familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua lolote.

Rebecca Skloot alitumia takriban miaka kumi kukiandika kitabu hiki, kikatoka mwaka 2010. Jambo la kwanza la kumsifu ni kwamba hakumtafuta shetani wa kumtupia mawe. Gey alizigawa seli zile bure kwa watafiti wenzake. Enzi hizo kuchukua nyama ya mgonjwa bila kumuuliza ilikuwa desturi, tena hasa kwa wagonjwa wa wodi za bure. Hicho ndicho kinachotisha. Kila mtu alikuwa anafanya kazi yake vizuri tu.

Ukurasa ambao sitausahau ni ule wa mwaka 1973, mume wa Henrietta anapopigiwa simu kutoka hospitali. Watafiti walikuwa wanataka damu ya familia ili waweze kuzitofautisha seli za HeLa na nyingine zilizochanganyika nazo maabara. Mzee yule, aliyesoma madarasa machache tu, alichoelewa ni kwamba mkewe yuko hai, wamemweka maabara. Neno lenyewe la seli alikuwa analijua kwa maana moja, chumba cha gerezani, maana mwanawe mmoja alikuwa amefungwa. Sasa hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. Kwetu pia seli ni seli, ya mwilini na ya polisi. Binti yake, Deborah, akatoa damu akidhani anapimwa saratani iliyomuua mama yake, akabaki anasubiri majibu ambayo hayakuja.

Sura nyingine yenye nguvu ni ile ya "madaktari wa usiku", tetesi za Wamarekani Weusi kwamba hospitali zinawateka watu gizani kwenda kuwafanyia majaribio. Mwandishi mvivu angezipuuza kama ushirikina. Skloot anazipa heshima, anaonyesha zilivyoota juu ya mambo yaliyotokea kweli, ya wafanyabiashara wa maiti na majaribio juu ya watumwa. Nilipoisoma nikamkumbuka mumiani. Watu wazima wa pwani wanajua ninachosema, habari za wanyonya damu wa enzi za mkoloni, na huko Nairobi na Kampala lawama zikawaangukia wazimamoto. Mwanahistoria Luise White ana kitabu kizima kuhusu tetesi hizi, Speaking with Vampires, cha mwaka 2000. Ukivisoma viwili hivi pamoja unaona kwamba mtu anayekimbia sindano si lazima awe mjinga. Huenda anakumbuka.

Sasa niseme kinachonisumbua. Skloot mwenyewe ni mgeni mwingine aliyebisha hodi kwa akina Lacks. Daktari alichukua nyama, mwandishi akachukua habari. Katika kitabu tunamwona Deborah akiwa na presha, ngozi imemvimba kwa wasiwasi, hana pesa za matibabu. Tunasoma faili la dada yake Elsie, aliyefia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Crownsville akiwa na miaka 15. Kuna usiku mmoja hotelini Deborah anamkaba mwandishi ukutani, anataka kujua ametumwa na nani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hii wageni wamekuja miaka nenda rudi, na waliopona ni wageni.

Lakini niliposoma tena, nikaona kitu ambacho chuoni kilinipita. Deborah hakutoa ridhaa kwa kutia saini mara moja. Alikubali, akakataa, akakata simu kwa miezi, akarudi. Aliweka masharti. Jina la mama yake liandikwe sawasawa, kwa sababu dunia ilishazoea kumwita Helen Lane, na Elsie asiachwe nje. Kuhusu faili la Elsie walivutana vikali. Yaani ridhaa yake ilikuwa mabishano ya miaka, na Skloot ana ujasiri wa kutuonyesha mabishano yenyewe, hata pale yeye mwenyewe alipokasirika na kutukana. Henrietta hakupewa hata nafasi ya kubishana. Deborah alifariki mwaka 2009, kitabu hakijatoka.

Kinapolegea ni mwishoni. Baada ya mamia ya kurasa za moto, Skloot anafunga kwa maelezo ya kisheria kuhusu nani anamiliki nyama iliyokatwa mwilini mwetu. Upande huu unasema hivi, upande ule unasema vile. Maelezo ni sahihi, lakini ni baridi. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo na familia isiyo na bima ya afya ana haki ya kutuambia anafikiri wanadaiwa nini, na kiasi gani. Hakusema. Matukio ndiyo yakamsemea. Mwaka 2013 watafiti walichapisha ramani ya jeni za HeLa bila kuiuliza familia. Ndiyo, miaka mitatu baada ya kitabu! Ikabidi taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ikae na familia na kukubaliana jinsi taarifa hizo zitakavyotumika. Agosti 2023 warithi wake walimalizana nje ya mahakama na kampuni ya Thermo Fisher, kwa masharti yaliyobaki siri.

Na sisi tumo. Virusi vya HPV aina ya 18 vilikutwa ndani ya seli za HeLa. Kazi ya Harald zur Hausen juu ya virusi hivyo na saratani ilimpa Nobel mwaka 2008, na ikafungua njia ya chanjo ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 nchi nzima Aprili 2018. Binti wa dada yangu alichanjwa shuleni. Hakuna aliyemtajia Henrietta.

Nimalizie na langu. Miaka michache nyuma niliandika makala kuhusu mgonjwa wa saratani hiyo hiyo, mama mmoja kutoka kijijini. Sista wa wodi alinipeleka hadi kitandani, akamwambia, "Mama, huyu ni mwandishi, ataongea na wewe." Mama akaitikia ndiyo. Mgonjwa aliyelala, anayemtegemea sista kwa dawa na maji ya kunywa, angesemaje hapana? Makala ilisifiwa. Alifariki kabla sijampelekea nakala, na kiukweli sikuwa nimepanga siku ya kuipeleka.

Nilimwazima sista yule kitabu. Amenirudishia wiki iliyopita, amekunja kona ya ukurasa wa ile simu ya 1973. Akaniuliza, "Hivi sisi hapa wodini, yule bibi anayetia dole gumba kwenye fomu, neno seli huwa tunamwelezaje?" Hatukupata jibu siku ile. Tumepanga kukaa Jumamosi, tuiandike fomu upya kwa maneno ambayo bibi anaweza kuyabishia.