Tawakali ya Mwunda Jahazi

Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, jahazi linalotiwa kalafati husikika kabla halijaonekana. Fundi amechuchumaa ubavuni mwa chombo, ameshika pamba aliyoisokota mwenyewe na kuichovya mafuta. Anailaza kwenye upenyo kati ya ubao na ubao, anaweka patasi butu, anagonga huku akisikiliza. Pamba ikiwa bado legelege, mlio ni mzito. Ikishiba, mlio hukaza, naye husogea shubiri moja mbele. Akitilia shaka mahali, huing'oa yote akaanza upya, hata kama jua limekwisha pinduka na hakuna anayemtazama.

Naipenda kazi hii kwa sababu imani ya wazee wetu naiona humo kwa macho. Bahari waliiogopa, wala hawakuificha hofu yao. Kusi likivuma, walijua kuwa baina yao na kilindi pana unene wa ubao tu. Hofu hiyo waliipeleka kwanza mikononi: wakachagua taruma lililopindia mtini, wakakaza misumari, wakapaka mafuta ya sifa ubavuni, chokaa na shahamu chini. Ndipo wakasoma Fatiha, wakashua chombo, yaliyobaki wakamwachia Mola. Kumkabidhi chombo kinachovuja waliona aibu. Na moyo wa mtu wa namna hiyo hutulia kweli hata mawimbi yakipanda, maana hana anachomficha Mungu.

Nabii Nuhu naye, pamoja na dua zake zote, aliamriwa aunde safina, na Kurani inaitaja kuwa ya mbao na misumari. Hapa kwetu, vyombo vya kale viitwavyo mitepe vilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, tundu baada ya tundu. Subira ile ilikuwa ibada. Leo mitepe haiko tena baharini, na waliojua kuishona wametangulia mbele ya haki.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejazwa kupita kiasi. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Tukasema ni kudra ya Mungu. Hakika hakuna lililo nje ya kudra yake, lakini kusema hivyo ilhali hata idadi ya waliopanda haikujulikana ni kumtwika Mungu uzembe wetu. Na bado tunaendelea: chombo hakikaguliwi, maboya hayatoshi, upepo umekwisha chafuka, na mtu anatweka tanga akisema Mungu yupo.

Yupo, naam. Alikuwapo pia wazee walipokuwa wakiing'oa pamba na kuanza upya. Wao walimtegemea na wakamwonea haya. Sisi haya tumeiacha, tumebaki na kumtegemea tu.