"Yangu" na "Tu-": Nani Husafiri Peke Yake?

Wahakiki tumezoea kusaka dhamira katika masimulizi ya safari, tukaisahau nafsi. Mimi naanzia hapo hapo. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokikusanya Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya biashara kutoka pwani hadi bara, Tanganyika na kuendelea. Kichwa kinasema safari "yangu". Ingia ndani sasa: vitenzi vimejaa "tu-". Msafara ndio unaovuka mito, msafara ndio unaopiga kambi.

Wapo wenzangu watakaosema huo ni udhaifu wa fani, eti mhusika hakujengwa. Sikubali. Walinganishe na wageni wanaoshuka Kilimanjaro wakisimulia "nilifika kileleni peke yangu". Peke yako na nani? Kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na kiongozi, na mizigo inayofika vibanda vya Mandara na Horombo hubebwa na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita. Mjomba wangu, kabla hajaja Temeke kuuza mkaa, alikuwa mgumu misimu mitatu. Sijamsikia akisema "nilipanda". Husema "tulipandisha".

Kwa hiyo wingi wa Sleman naupokea kama ukweli. Kasoro yake naiona kwingine. Anayetamka "tu-" ni mfanyabiashara. Aliyebeba mzigo wake hatumsikii akisema "ni-" hata mara moja. Hiyo simulizi bado tunadaiwa.