Chūshingura: Uaminifu wa Nani, kwa Jasho la Nani?

Katika jamii ya kitabaka hakuna fasihi isiyokuwa na upande. Mchezo wa Kijapani Kanadehon Chūshingura, uliotungwa kwa ajili ya vikaragosi mwaka 1748 na Takeda Izumo II, Miyoshi Shōraku na Namiki Senryū, ni mfano ulio wazi. Msingi wake ni kisa cha kweli: mwaka 1703 Ōishi Kuranosuke aliongoza samurai wa jimbo la Akō kumlipizia kisasi bwana wao.

Ōishi alikuwa karō, yaani mzee wa nyumba ya bwana. Hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa chini ya kabaila mwenyewe. Wenye cheo hicho ndio walioendesha utawala wa jimbo. Cheo cha Ōishi kilipimwa kwa koku 1,500 za mchele, na koku moja ni karibu lita 180. Mchele huo hakuulima yeye. Ulitoka kwa mkulima kama kodi. Wala ardhi haikuwa mali yake: Shogun alipomwamuru bwana wake, Asano Naganori, kujiua mwaka 1701 na kulitwaa jimbo, cheo na riziki vilipotea pamoja. Uaminifu uliohubiriwa ulikuwa na mizizi yake ghalani.

Watunzi walikusudia kumsifu mzee huyo, ambaye mchezoni anaitwa Ōboshi Yuranosuke. Lakini tujiulize: gharama za kisasi zinabebwa na nani? Mkulima Yoichibei anamuuza binti yake Okaru kwenye danguro la Gion ili mkwewe Kanpei, aliyekuwa samurai, apate fedha za kuchangia. Njiani anauawa na kuporwa na Sadakurō, mtoto wa mzee mwingine wa nyumba ileile. Heiemon, kaka yake Okaru na askari wa daraja la chini, yuko tayari kumuua dada yake ili tu akubaliwe katika kundi. Yuranosuke anatoa amri. Jamaa ya mkulima inatoa damu.

Thamani ya mchezo ni kwamba haukuyaficha hayo. Kasoro yake ni kuyafanya mapambo ya heshima ya wakubwa, bila kuuliza sababu yake.

Majimbo yalifutwa mwaka 1871, na posho za samurai zikakomeshwa mwaka 1876. Vyeo vile vimekwisha, lakini sifa zake zingali jukwaani. Kada anayeusoma mchezo huu asiishie kwa Yuranosuke. Aanze na Yoichibei.