Mama wa Asiyekuwapo: Vitabu Viwili Juu ya Wake wa Misri Wanaotafuta Mwana

Amma baad. Ndugu msomaji, nawe dada msomaji, watu wa pwani tuna desturi njema ya kumwita mtu mzima kwa jina la mwanawe. Twasema Mama Fulani, nayo ni heshima. Lakini aliyeolewa miaka kumi asijaaliwe mwana, huyo twamwitaje? Mbele yake twamwita kwa jina lake la utotoni, na nyuma ya mgongo wake twamwita tasa.

Katika mitaa ya wanyonge ya mji wa Iskandaria, nchini Misri, wako watu waliotafuta neno jema kuliko letu. Mwanamke asiye na mwana humwita Umm il-ghayyib, yaani mama wa asiyekuwapo. Kana kwamba mwana yuko safarini na bado hajafika. Neno hili limeandikwa na Bibi Marcia Inhorn, mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya jamii za wanaadamu, ambaye kwa miaka mingi amechunguza habari za wake wa Kiislamu wanaotafuta uzazi. Napenda leo tuvitazame vitabu vyake viwili, tuchukue kilicho chema na tukipime kilichobaki.

Cha kwanza, Quest for Conception, kilitoka mwaka 1994, nacho chahusu wake masikini wa Iskandaria. Wanawake hao walikwenda kwa wakunga, wakaenda kwa waganga, wakazuru makaburi ya mawalii, kisha wakenda hospitali. Na huko hospitali wengine walipulizwa hewa katika mirija ya uzazi, wakakwanguliwa, wakachomwa mlango wa kizazi, matibabu ambayo mara nyingi hayakuwafaa na mengine yaliwadhuru. Cha pili, Local Babies, Global Science, kilitoka mwaka 2003, nacho chahusu watu wenye uwezo wa mjini Kairo, waliotibiwa kwa njia ya kupandikiza mimba, ile iliyomleta duniani mtoto wa kwanza huko Uingereza mwezi wa Julai 1978. Nairobi watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2006. Kwa hivyo usidhani ndugu msomaji kuwa haya ni mambo ya mbali. Huenda yamo katika nyumba ya jirani yako, nawe huna habari.

Huna habari kwa sababu yanafichwa. Mwandishi aonyesha kuwa wengi wa wake wa Kairo waliwaficha hata jamaa zao, kwa kuogopa mtoto asije akaambiwa kuwa ni wa haramu, au kuwa manii ya watu yamechanganywa. Basi mwanamke hudungwa sindano kila siku kwa muda wa siku kumi au zaidi ili mayai yakomae. Huchomwa sindano ndefu ili mayai hayo yatolewe. Huungana na manii ya mumewe katika maabara. Kisha kiinitete hurudishwa tumboni mwake, naye hungoja kiasi cha wiki mbili. Katika siku hizo hupika, hupokea wageni, na huenda harusini akapiga vigelegele. Na mara nyingi mwisho wa kungoja ni damu, kwa kuwa matibabu haya hushindwa zaidi kuliko yanavyofaulu. Siku ile ya damu ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kumpa pole, kwani hakuna aliyejua.

Jambo la pili ni lawama. Yajulikana leo kwa utabibu kuwa katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mwana, ila iko kwa mume, ama yeye peke yake ama pamoja na mkewe. Lakini Bibi Inhorn aliwakuta wake waliokuwa wazima kabisa, wenye waume wagonjwa, nao wakabeba lawama mbele ya mawifi na mama wakwe ili kumsitiri mume. Huo ni ukarimu mkubwa. Nakuuliza msomaji: mume huyo aliulipaje?

Na hapa ndipo kitabu cha pili kilipo na thamani yake kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilizuka huko Ubelgiji njia mpya ya kuingiza mbegu moja ya mume ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, na mwaka 1994 njia hiyo ikafika Misri. Kwayo mume ambaye jana alikuwa hana tamaa ya kuzaa, leo aweza kupata mwana wa damu yake. Ni neema. Lakini mkewe aliyevumilia naye miaka ishirini amefika miaka arubaini na zaidi, na mayai yake yamezeeka. Na yai la mwanamke mwingine haliruhusiwi. Basi baadhi ya waume waliwaacha wake hao, au wakaoa wadogo, ili dawa iwafae. Mke aliyebeba aibu ya mumewe ndiye aliyeachwa mlangoni siku dawa ilipopatikana. Sijasoma habari juu ya jambo hili iliyo nzito kuliko hii.

Sasa tukipime kitabu. Mwandishi ni mwaminifu; hakuwacheka wanawake hao, wala hakuidharau imani yao. Ila yake naiona katika kulinasibisha jambo hili mno na utawala wa wanaume, hata msomaji asiyejua dini hudhani kuwa Uislamu ndio uliomtwisha mwanamke mzigo huu. La, si hivyo. Ada ndiyo iliyomtwisha. Na kwa insafu yatupasa tuseme kuwa katika kitabu chake cha mwaka 2012, The New Arab Man, yeye mwenyewe amewaeleza waume wengi wanaowapenda wake zao na kusimama nao.

Lakini tusimlaumu mgeni tukajisahau. Maulamaa walilijibu suali la nasaba mapema na vizuri: Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa mwezi wa Machi 1980, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu likakutana Amman mwezi wa Oktoba 1986. Yaliyoruhusiwa ni manii ya mume na yai la mke, katika ndoa iliyo hai, wala asiingie mtu wa tatu. Huo ni mlango uliofungwa kwa haki. Walakini waidhi wetu wengi husimama hapo hapo. Husema hii halali na hii haramu, kisha huteremka mimbarini. Moyo wa mwanamke hawautaji.

Qur'ani imeutaja. Sura ya Shura yatufunza kuwa kupewa wana na kunyimwa ni kwa matakwa ya Mola, wala haikusema kuwa anyimwaye ni mwanamke tu. Nabii Zakariya (a.s.) alilia kwa siri, na kilio chake hakikuhesabiwa upungufu wa imani, kisha Mwenyezi Mungu akamtengenezea mkewe, kwa hivyo kutafuta tiba si kupingana na kadari. Bibi Sara alipopewa bishara alipiga ukelele na kujipiga usoni, naye ni kikongwe. Na malaika walimkumbusha amri ya Mola wake, wakaitakia nyumba ile rehema na baraka. Ukelele ule umehifadhiwa katika Kitabu hadi Kiyama. Kwa nini basi twawaambia wake zetu wanyamaze?

Ewe mume, nenda ukapimwe wewe kwanza, wala usimwachie mkeo aseme uongo kwa ajili yako. Mke wa pili Sharia imemruhusu, wala simharimishii mtu alichohalalishiwa. Lakini halali ina adabu yake, na Qur'ani imetukataza kusahau wema uliokuwa baina ya wawili hata wakati wa kuachana. Ewe mama mkwe, usimtupie mkazamwana methali ya kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwani uchungu wa kumkosa naye aujuaye ni aliyemkosa.

Na nyote mkumbuke kuwa Bibi Aisha (r.a.), mwanachuoni mkubwa katika wanawake wa umma huu, hakuzaa. Alipomwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wenziwe wote wana majina ya kunia, hakumwambia asubiri tu, alimpa jina, akawa Ummu Abdallah, kwa mwana wa dada yake. Hiyo ndiyo Sunna. Basi mwanamke huyo wa mtaani kwenu mpeni jina jema, na siku ile ya damu mwendeeni.

Wabillahi tawfiq.