Ubeti tunaouruka

Shuleni tulisomeshwa Utendi wa Mwana Kupona kama somo la adabu: mke amtii mume, ajipambe, apunguze maneno. Mimi lilinichosha. Mwaka jana, hapa kambini Nyarugusu, nilikirudia kitabu wakati baba amekataa chakula. Mama alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma.

Safari hii niliona kitu kingine. Aliyetunga ni mjane! Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikufa 1856. Utenzi ni wa 1858. Mwanzoni kabisa anamwambia binti yake alete karatasi na wino, kisha anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Mbele huko, akishaeleza walivyoishi kwa amani na mumewe, anakiri kwamba tangu kifo kile kilio chake hakijanyamaza. Ubeti mmoja tu, basi, anaendelea na mengine. Baadaye naye akafa.

Sisemi huzuni ndiyo ilimuua. Nasema yeye ameweka maradhi na kilio katika utenzi mmoja, na sisi wasomaji tunauruka ule ubeti ili tufike kwenye adabu.

Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za wanaume 4,486 waliofiwa na wake, wote wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza walikufa 213, asilimia 40 zaidi ya ilivyotarajiwa, na ongezeko kubwa lilikuwa la magonjwa ya moyo.

Hapo ndipo ninapogombana na Mwana Kupona. Anamfundisha mke amlishe mume, amkande, alinde usingizi wake. Sawa. Lakini mke akitangulia, nani atamlisha huyo mume? Utenzi hauulizi. Na sisi hatukuuliza. Majirani walikuja siku za matanga, kisha kila mtu akarudi kwenye foleni ya mgao. Zahanati walimpima baba malaria, hakuna, akaambiwa arudi nyumbani. Dawa zake za presha alikuwa ameacha kunywa, maana mama ndiye alikuwa anamkumbusha. Hilo nimelijua baadaye, nilipokuta vidonge vimejaa chini ya godoro.

Alikufa mwezi wa tano baada ya mama. Watu wakasema, "Mzee amemfuata mama." Ni neno la kufariji, lakini linatufutia deni sisi tuliobaki. Ndugu msomaji, kama kuna mfiwa jirani yako, matanga yakiisha usiishie hapo. Muulize amekula nini, na dawa zake ziko wapi.